Umefunga Mtandao, ama Umemfunga Mwenye Duka?

Wacha niweke msimamo wangu hapa juu kabisa: paswadi ya ruta ni mali ya mwenye duka. Si ya fundi, si ya mpwa wake "anayejua mambo ya kompyuta", wala si ya kijana wa kaunta. Kama ulilipwa umfungie mtu mtandao, kisha ukaondoka na paswadi kichwani mwako, kazi hujamaliza. Hujafunga mtandao, umemfunga mwenye duka.

Najua hapa Kisauni kuna mafundi wenzangu watakaonuna. Nimeshawasikia. "Nikimpa paswadi ataharibu." "Nikimpa hataniita tena." Hiyo ya pili ndo sababu ya ukweli, manake hiyo ya kwanza ina dawa. Tutafika huko.

Kwanza tuelewane mtandao ni nini. Tembea Mishomoroni jioni uhesabu. Duka la dawa lina kompyuta ya stoo na printa ya risiti. Saiba ina mashine tano na printa mbili. Kinyozi ana waifai ya wateja na tivii ya mpira. Hata wa hadwea siku hizi ana kamera mbili juu ya mlango. Wote hao wana mtandao wa biashara, ila wao wanauita "waifai" tu. Na karibu wote walifungiwa na mmoja wetu, kijana wa mtaa, kwa soo tano na soda.

Na sisi watu wa Mombasa hatuna kisingizio cha kuwa mbali na intaneti. Imeingilia kwetu! Mwaka 2009 kebo mbili za chini ya bahari zilifika hapa Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah kule Emirates, na SEACOM. Rais Kibaki mwenyewe alikuja kuipokea TEAMS. Zikafuata EASSy, LION2, na PEACE ikatia nanga 2022. Faiba ya Kenya kwa sehemu kubwa, na ya Uganda na Rwanda kwa sehemu, yapitia kwetu. Halafu mtu wa Mishomoroni anakosa intaneti siku mbili kwa sababu ya kijikaratasi kilichopotea.

Siongei hewani. Khalati yangu ana saiba. Kila mwenye saiba Kenya anajua mwezi wa Juni ni msimu wa mavuno, manake ritani za KRA mwisho wake ni tarehe 30. Mtu amekaa na PIN yake mwaka mzima hajagusa, tarehe 27 anakumbuka. Foleni inatoka hadi nje.

Mwaka huo, tarehe 27 hiyohiyo, umeme ukapotea, ukarudi kwa kishindo, na ruta ikaamka imesahau kila kitu. Ni kama imetolewa dukani leo. Khalati akampigia aliyemfungia. Kijana huyo alikuwa ashapata kazi Doha, simu ya hapa haiko hewani, na WhatsApp tiki moja. Akapiga kwa kampuni ya intaneti. Wakamuuliza akaunti ni ya nani. Ndo akajua kuwa akaunti ilifunguliwa kwa jina na namba ya yule kijana. Yaani khalati alikuwa analipa kila mwezi, kwa pesa yake, intaneti ambayo kwa karatasi si yake.

Wateja walimsubiri asubuhi moja. Mchana wakavuka barabara.

Aliponiita nilienda, nikamsalimu, nikamkuta amekaa mlangoni na kipepeo.

"Mwanangu, hii ruta nimeinunua mimi. Sasa kwa nini yataka ruhusa ya mtu mwengine?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo naona hakuna fundi mwenye jibu lake. Tulichofanya ni kukusanya jumbe zake zote za M-Pesa za malipo, tukaenda ofisini na kitambulisho, wakahamisha akaunti kwa jina lake. Tarehe 29 mchana saiba ikawa hai. Siku mbili za mavuno zishaenda.

Lakini hilo la siku mbili si ndo lililonitisha. Kilichonitisha nilikiona baada ya intaneti kurudi.

Paswadi ya waifai ilikuwa imebandikwa ukutani, wateja waitumie wakisubiri. Sawa, ni ukarimu. Ila ilikuwa waifai hiyohiyo moja inayotumiwa na kompyuta za kaunta. Nikakaa kwenye benchi la wateja na simu yangu tu, nikatafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao, nikapata folda inaitwa SCANS. Haina paswadi. Ndani kuna vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya KCSE, vyeti vya kuzaliwa, barua za hospitali. Miaka mitatu ya watu wa Mishomoroni, majirani zetu, wako hapo kama samaki mezani. Yeyote aliyekuja kupiga kopi ya shilingi kumi angeweza kuondoka nao.

Ukiona hilo ni jambo dogo, kumbuka Juni 2021. Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Namba za vitambulisho vyao zilikuwa zimetoka mahali. Sisemi zilitoka saiba. Nasema nakala ya kitambulisho chako ikiwa mkononi mwa mtu usiyemjua, hujui ataifanyia nini.

Na ile paswadi ya kuingia ndani ya ruta yenyewe, kule kwenye mipangilio? Ilikuwa "admin". Ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwaka 2016 kuna kirusi kinaitwa Mirai kilizunguka dunia kikijaribu orodha ya majina na paswadi za kiwandani kama hizo, zaidi ya 60 tu, kwenye kamera na ruta. Kikakusanya jeshi la vifaa, na Oktoba 21 jeshi hilo likashambulia kampuni inaitwa Dyn. Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa, hasa Marekani. Hakuna aliyevunja kufuli. Walikuta mlango una ufunguo wa kila nyumba.

Basi tukaanza upya. Nitawaeleza tulivyofanya manake kila kitu hapa unaweza kukifanya na wewe, na hakuna hata kimoja kinachohitaji digrii.

Tulianza na karatasi, si waya. Nikachora duka: ruta iko wapi, kompyuta ziko wapi, printa ziko wapi, waya upi unaenda wapi. Kila waya ukapata kijikaratasi chake kwenye ncha zote mbili. Utacheka, lakini siku waya mmoja umekufa na wateja wamesimama, kijikaratasi hicho ndo rafiki yako.

Kompyuta za kaunta na printa zote tukazitoa kwenye waifai, tukaziweka kwa waya kupitia swichi ndogo ya matundu nane. Kompyuta isiyotembea haina haja ya waifai. Waya nilinunua wa shaba tupu, si ule wa alumini uliopakwa shaba juu. Huo wa alumini ni rahisi kwa bei, lakini unakatika ukiukunja. Na hapa kwetu na chumvi hii ya baharini, hata shaba yenyewe yataka kuangaliwa.

Wateja tukawatengenezea waifai ya wageni. Ruta nyingi za kawaida zinayo, ni kuiwasha tu. Mgeni anapata intaneti lakini haoni kompyuta wala printa. Tukampimia na kasi, ili kijana mmoja akishusha muvi asimzuie mwengine kutuma ritani. Ile folda ya SCANS ikapata paswadi, na kila Jumamosi inafutwa. Mteja akishapata karatasi yake, wewe nakala yake ya nini?

Printa ilikuwa na tabia ya "kupotea" kila umeme ukirudi. Khalati aliamini ina jini. Kumbe ruta ikiwaka hugawa anwani upya, na printa hupewa anwani nyengine, kompyuta zikabaki kugonga mlango wa zamani. Tukaiwekea printa anwani yake ya kudumu ndani ya ruta. Jini akahama.

Waifai ya wageni ilikuwa inasuasua, manake nyumba zimebanana na kila ghorofa ina ruta tatu. Kwenye ile ya kawaida, ya 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Majirani wote walikuwa kwenye 6. Tukahamia 11, bila kununua chochote.

Umeme nao, tukanunua betri ndogo ya ruta. Faiba hupitisha mwanga, haibebi umeme, kwa hivyo mara nyingi stima ikipotea, ukiwa na moto wa ruta na wa kile kisanduku cha faiba, intaneti bado iko. Na vikirudi kwa kishindo haviamki vimechanganyikiwa.

Halafu likaja lile ambalo mafundi hawalitaki. Daftari.

Nilinunua daftari ya kawaida, ile ya shule. Ndani tukaandika jina la akaunti na namba yake, paswadi ya ruta, paswadi za waifai zote mbili, anwani za printa, siku ya kulipa, na ile ramani. Mipangilio yote ya ruta nikaihifadhi kwenye fleshi na kuifunga kwa selotepu nyuma ya daftari. Siku ruta ikisahau tena, unarudisha faili hilo na dakika kumi umemaliza. Hiyo ndo dawa ya "ataharibu". Akiharibu, anarudisha.

Nilipompa khalati alisita.

"Sasa mimi nitayaelewa haya kweli, baba?"

"Khalati, hiyo floti ya M-Pesa nani alikufundisha? Na huikosei hata shilingi."

Akacheka. Daftari sasa inakaa kwenye droo ya pesa, na ufunguo anao yeye. Mfanyakazi akiacha kazi, paswadi ya kaunta inabadilishwa siku hiyohiyo, hata kama wameachana kwa wema. Mara moja kwa mwezi anaangalia vifaa vilivyounganishwa, akiona jina asilolijua ananiuliza.

Na amejifunza kujua tatizo liko wapi kabla ya kupiga simu. Taa za ruta zinawaka? Kompyuta inaiona printa? Data ya simu inafanya kazi? Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kule upande wa Afrika Kusini, na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki intaneti ikawa inatambaa. Siku kama ile fundi mwenye tamaa anaweza kukuuzia ruta mpya na ukamshukuru. Mtu anayeujua mtandao wake atakwambia, "Huku kwangu kuko sawa, shida iko nje."

Kuna na sheria, msidhani ni mambo ya mabenki tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu anayeshika taarifa za watu. Biashara ndogo, yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, mara nyingi haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data. Lakini kutojisajili si ruhusa ya kuacha vitambulisho vya watu wazi. Taarifa za watu zikivuja na zikaweza kuwadhuru, Kamishna anafaa ajulishwe ndani ya masaa 72. Na atakayeulizwa ni mwenye duka. Sasa ataulizwa vipi kuhusu ruta asiyoweza hata kuifungua?

Nirudi kwenye lile la "hataniita tena". Mabeshte, mimi khalati ananiita. Na duka la dawa la jirani liliona daftari likaniita, na kinyozi naye. Nalipwa kitu kidogo kila mwezi kuangalia, na tumeandikiana ni kazi gani na kwa bei gani. Wanaweza kunifukuza kesho na daftari wakabaki nayo, na ndo maana wananiamini. Mteja anayekuita kwa sababu umeshika ufunguo wake atakutafutia mbadala siku ya kwanza atakayopata nafasi.

Na nyinyi wenye maduka, mama zetu na ami zetu, hii ni kazi. Kijana akikufungia mtandao vizuri, mlipe kama unavyomlipa wa stima na wa mabomba. Soda ni shukrani, haiwezi kuwa mshahara. Ukimlipa sawasawa una haki ya kumwambia: kabla hujatoka hapa, niandikie.

Wewe unayesoma hii, kwenu kuna duka, ama kwa ami yako, ama kwa jirani. Leo jioni pitia, waulize maswali matatu. Akaunti ya intaneti iko kwa jina la nani? Paswadi ya ruta, ya ndani si ya waifai, iko wapi? Mteja wa benchini anaweza kuona nini? Wakibaki kukutazama, chukua daftari mkae chini. Na ukimaliza, daftari iache pale.