Zamu Asiye na wa Kumpokea

Katika mji wa Bujumbura mlinzi wa nyumba huitwa zamu. Asili ya jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya kupokezana: huyu akimaliza, yule hushika, wa usiku akienda kulala, wa mchana huingia. Lakini katika nyua nyingi za Rohero, Kinindo na Ngagara neno limebaki na maana yake imepotea, kwani zamu ni mtu mmoja tu, na hakuna ajaye kumpokea.

Hesabu yake si ngumu. Mlinzi huyo hukaa langoni tangu saa kumi na mbili za jioni hata saa kumi na mbili za asubuhi. Hizo ni saa 12. Kwa siku saba ni saa 84. Sheria ya kazi ya Burundi ya mwaka 1993 iliweka saa 8 kwa siku, na tangu mwaka 1919 mataifa yalikubaliana huko Washington kwamba mtu wa kiwandani asipitishe saa 48 kwa juma. Tena saa 84 hizo ni za ulinzi peke yake. Kunapokucha, kabla hajavua koti, hutumwa kuosha gari, kumwagilia maua, ama kuwasindikiza watoto shuleni. Na mchana, akiisha kujilaza kibandani, jina lake huitwa tena. Hakuna ukatili uliokusudiwa hapo. Ni mazoea tu: mtu akiwapo uani huonekana hana kazi.

Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi la Kimataifa yalitoa matokeo ya uchunguzi wao mwezi Mei 2021. Yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Hatari ya mtu wa namna hiyo kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35 ile ya mtu afanyaye kazi saa 35 hadi 40. Zamu wetu huipita hiyo 55 katika usiku wake wa tano.

Liko na jambo la mbu. Bujumbura imo katika bonde la Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, penye joto, na mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko wa malaria nchini. Mbu waenezao ugonjwa huo huuma usiku, na usiku ndio saa za kazi za zamu. Jamaa wa nyumba wamo ndani ya vyandarua. Chandarua chake yeye, ikiwa alipewa, kinaning'inia kibandani bila mtu.

Wengine husema kwamba zamu hulala hata hivyo. Naam, husinzia, sikio moja likiwa langoni, kwa kuwa honi ya bwana yaweza kulia saa tano, na ya mgeni saa saba. Usingizi wa jinsi hiyo haumpumzishi mtu.

Ni haki kukiri kwamba mwenye nyumba naye mara nyingi ni mtu wa mshahara mdogo. Karani wa Ngagara hawezi kulipa walinzi wawili. Lakini jirani yake pia ana zamu, na kuta zao zinagusana. Mkataba namba 189, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Usiku mmoja zamu wa huku aweza kuangalia malango mawili, na usiku mwingine wa kule naye afanye vivyo hivyo, bila faranga kuongezwa kwa mshahara. Usiku wenyewe uchaguliwe pamoja naye. Mwenye mke na watoto Kamenge atapenda Jumamosi. Aliyetoka Kayanza au Ngozi huenda akaomba siku zake zikusanywe hadi mwisho wa mwezi, maana siku moja haitoshi kwenda na kurudi, hasa mafuta ya gari yanapoadimika kama ilivyokuwa mwaka 2024.