Mgeni wa Kula

Ndugu msomaji, usidhani nakukaribisha mezani. Kula ni jina la mahali: eneo la mashamba katika kisiwa cha Maui, visiwani Hawaii, kwenye mteremko wa mlima Haleakala wenye urefu wa meta 3,055. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, wakulima wa Kula walipanda viazi ulaya, vikasafirishwa kwa merikebu kwenda kuwalisha wachimbaji.

Huko ndiko alikopelekwa, mwaka 1854, mmisionari wa Kimormoni kutoka Utah, Joseph F. Smith, kijana wa miaka 15. Alikuwa yatima. Baba yake aliuawa mwaka 1844; mama alifariki mwaka 1852. Lugha ya wenyeji hakuijua, na punde maradhi yakamlaza. Mwalimu akawa mgonjwa asiyeweza kusema na wauguzi wake.

Mama mmoja wa Kihawaii, Mahuhii, alimpokea nyumbani kwake, akamwuguza kama mwanawe. Kijana akapona. Baada ya siku 100 hivi alikuwa akihubiri kwa lugha yao.

Miaka mingi ikapita. Smith, sasa mkuu wa kanisa lake, alirejea Hawaii. Ajuza kipofu akaongozwa hadi mbele yake, ameshika ndizi chache za zawadi, akiita: "Iosepa! Iosepa!" Mzee yule akamkumbatia mama yake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Kula, ndugu msomaji, aliyepona ni mgeni. Je, yule kijana mgeni wa mtaani kwako, umempelekea uji?