Nywele za Shangazi

Shangazi yangu hakulia alipoambiwa ana saratani ya titi. Alisema "Alhamdulillahi", akauliza dawa zinaanza lini. Alilia wiki kadhaa baada ya dripu ya kwanza ya tibakemikali, alipoamka akakuta nywele zimetapakaa kwenye mto wa kulalia. Waliokuja kumjulia hali wakamwambia nywele si kitu, ashukuru yu hai. Maneno hayo, nimegundua, husemwa na wenye nywele zao kichwani.

Tibakemikali huwinda seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni ya jinsi hiyo, ila mzizi wa unywele nao ni vivyo hivyo, na dawa haichagui. Mwaka 1990, George Cotsarelis na wenzake nchini Marekani walionyesha katika panya kwamba juu kidogo ya mzizi huo kuna seli zinazogawanyika kwa nadra sana. Ndizo seli shina za unywele, zinazouotesha upya. Uvivu wao ndio salama yao: mara nyingi dawa huziruka, na miezi michache baada ya matibabu nywele huanza kuota tena. Za shangazi zilirudi laini kama za mtoto mchanga. Tangu hapo nimepunguza haraka ya kumwita mtu mvivu, na kumpimia mwenzangu uzito wa msiba wake nimeacha kabisa.

Si kila mtu hurudishiwa. Dawa kama docetaxel huwaacha wachache na upara wa kudumu, na hao ndio wanaoutazama utafiti wa seli shina kwa hamu. Mwaka 2020, Karl Koehler na wenzake huko Boston walitangaza kwamba wamekuza ngozi ya binadamu katika maabara kutokana na seli shina; walipoipandikiza kwa panya, ikaota nywele. Ni hatua kubwa, lakini panya ni panya. Hadi sasa mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ajili ya nywele, ingawa matangazo ya seramu na sindano za seli shina hayaishi kwenye simu zetu.

Ukitumiwa tangazo la namna hiyo, mwonyeshe kwanza daktari anayemtibu mgonjwa wako. Mtu aliyetoka kutibiwa saratani asipakwe wala kudungwa kichocheo cha kukuza seli bila daktari huyo kujua.