Tairi la Mzee Lisinunuliwe kwa Macho

Jana usiku mdogo wangu alituma picha kwenye grupu la familia: matairi manne ya gari la baba la kubebea viazi, yameegemezwa ukutani, meusi, yamepakwa dawa mpaka yanang'aa, kashata nene kama za trekta. "Tairi za mzee hizo, A/T tupu," akaandika, na ndugu wakamwaga makofi. Nikaomba picha moja zaidi, ya ubavuni, pale penye herufi DOT. Ikachelewa kuja. Ilipokuja, namba ya mwisho ilisomeka 2214. Wiki ya 22 ya mwaka 2014. Matairi yana zaidi ya miaka kumi, na mchango wetu umeshalipwa.

"Dada, tairi ni tairi," akanitumia ujumbe wa sauti. "Kashata si unaziona?"

Hasira haijaniisha, ndiyo maana naandika.

Mpira huzeeka hata kama tairi halijawahi kukanyaga barabara. Hewa na jua huukausha, hupasuka nyufa ndogondogo, na nyaya za ndani huanza kuachana na mpira. Watengenezaji wengi wanashauri tairi liondolewe likifika miaka 10, kashata ziwepo zisiwepo. Tairi la namna hiyo likikosana na barabara halikupi nafasi ya kumwita fundi wa pancha. Linapasuka, na mara nyingi hupasuka gari likiwa na mzigo, likiwa limepata moto. Kwetu Makete, wakati wa kifuku, gari lisilo na mzigo ni gari lililoharibika.

Mimi nakaa Aurora, pembeni ya Denver, jimboni Colorado. Kazi yangu ni kupeleka mashuka na vifaa vya usafi kwenye nyumba za wageni za Breckenridge, kwa hiyo pikapu yangu hupanda I-70 hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ingekuwa Kilimanjaro, umeshaiacha Mandara chini, bado kidogo ufike Horombo. Kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, sheria inataka gari liwe limejiandaa kwa theluji, na tairi ziwe na kashata zisizopungua inchi 3/16, karibu milimita 5. Huna tairi za hivyo, beba minyororo. Ukikwama ukaziba njia kwa sababu hukujiandaa, faini inapita dola 600.

Nilipokwenda kubadilisha tairi msimu huu, kijana wa dukani hakuanza na bei. Aliuliza napita wapi, nabeba kilo ngapi, na siku nisizofanya kazi gari linakwenda wapi. Alifungua mlango wa dereva akasoma kibandiko cha upepo. Kisha akalishika tairi la A/T, yaani la kila aina ya barabara, akanipitisha ubavuni mwake herufi kwa herufi, bila haraka. M+S inaeleza umbo la kashata tu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati ndiyo inayosema tairi limejaribiwa kwenye theluji likafaulu. LT ni tairi la kazi, mbavu nene, halichanwi ovyo na mawe. Akanieleza na hasara zake: ni zito, linakula mafuta, linavuma kwenye lami, na linataka upepo mwingi zaidi ili libebe uzito uleule. Akasisitiza niyazungushe mbele na nyuma kila maili 5,000 hadi 7,500, la sivyo yataliwa upande. Nililipa zaidi ya dola elfu moja na nikatoka na roho nyeupe.

Nyumbani swali la kwanza ni, "Unataka ya bei gani?" La pili halipo.

Na huku nako kuna jambo linaloniuma. Maegesho ya maduka makubwa yamejaa pikapu zenye tairi za A/T na za M/T, yaani za tope, ambazo hazijawahi kuona tope, vinyweleo vya kiwandani bado vimesimama. Tairi lililotengenezwa kwa ajili ya changarawe na mawe linapeleka mtoto shule kwenye lami, na mkulima mwenye changarawe, mawe na udongo mwekundu kwa pamoja anatafutiwa la mtumba.

Baba hazijui hizo herufi, lakini tope analijua kuliko yeyote niliyekutana naye Colorado. Kabla ya kupanda mlima hupunguza upepo, tairi likalala kidogo na kushika ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Akifika penye njia kavu hushuka na pampu akajaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa na mzigo huchemka. Anajua pia kwamba A/T ina kikomo: kashata zikishajaa udongo wa kunata, tairi limegeuka kipara, na hapo dawa ni minyororo, sawasawa na malori ya huku kwenye theluji. Mtu mwenye ujuzi huo anastahili tairi linaloendana nao. Mpaka leo huitaja General Tyre ya Arusha kwa heshima, na kiwanda chenyewe kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Enzi hizo, husema, tairi lilikuja likiwa bado linanuka mpira.

Sasa tuje kwenye lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, maana hapa ndipo mimi na baba tunapogombana. Ubavuni, baada ya vipimo vya tairi, kuna namba ya uzito. Ikiwa 112, tairi moja linabeba kilo 1,120. Ikiwa 121, linabeba kilo 1,450, na hapo ni kama upepo umejazwa inavyotakiwa. Ndani ya hesabu hiyo kuna gari lenyewe, vijana waliokaa juu, na magunia ambayo kila moja limeshazidi kilo 100 kwa ile shingo ya kushonea. Tairi la mwaka 2014 halina tena nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake.

Mdogo wangu ana hoja, sikatai. Matairi manne mapya ya A/T yanaweza kumeza faida ya msimu mzima wa viazi. Nikamwambia basi tununue mawili mapya yafungwe nyuma, penye mzigo. Akajibu kwamba fowili haipendi tairi zenye kimo tofauti, difu zitalia. Hapo ana haki. Nikamwambia tusubiri mwezi mmoja tukusanye ya manne. Akasema mvua haisubiri michango. Tuliishia hapo, na shangazi akabadilisha mada.

Lakini mimi siibadilishi. Ukoo wetu unajua kuchanga. Ukitokea msiba, fedha ya turubai, ya chakula na ya kusafirisha mwili inapatikana kabla jua halijazama, na hakuna anayeuliza bei. Ikitajwa tairi, breki au miwani ya mzee, tunaanza kupatana senti kwa senti. Nimewaandikia ndugu kwamba fungu langu la safari hii linakwenda moja kwa moja kwa muuza tairi mpya, A/T zenye mbavu nene na namba ya uzito inayolingana na viazi vya baba, na yale manne ya ukutani yakakatwe katambuga. Anayeona ghali aseme sasa, baba akiwa hai na akiwa anaendesha.