Mgeni ni Nani?

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku ya kwanza ya masomo chuoni si rahisi kumjua nani mgeni na nani mwenyeji.

Mhadhiri mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Bukundi, alikutana na swali hilo alipoingia ukumbini kuwapokea wanachuo wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Unguja. Yeye ndiye mwenye chaki, basi ni mwenyeji. Ilhali wao wamezaliwa ndani ya lugha ambayo yeye aliikuta shuleni. Kwa hilo wao ndio wenye nyumba, naye ndiye anayebisha hodi.

Aghalabu wahadhiri hujitambulisha kwa shahada zao. Yeye, baada ya salamu, aliandika ubaoni neno moja, Bukundi, akauliza ni wapi. Ukumbi ukanyamaza. Akawaeleza kuwa ni kata ya wilaya ya Meatu. Alipozaliwa ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 imo katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya ng'ombe na pamba, na wilayani humo Wasukuma huishi jirani na Wataturu na Wahadzabe, kila watu na lugha yao. Kwao kilisemwa Kisukuma, ambacho kwa asili hakina sauti ya r. Basi alipoanza shule, kula na kura yalimtoka kinywani kwa sauti moja, na mara nyingi alisimamishwa mbele ya wenzake arudie, mpaka machozi yakamlenga.

Wanachuo walicheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha akawakumbusha mkutano wa Mombasa wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi ule ulikipa Kiunguja cha mjini heshima ya vitabuni, ukaviacha nje ya mlango si Kimvita peke yake, bali hata Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba, vinavyosemwa katika visiwa hivi hivi.

"Kwa hiyo," alisema, "humu ndani wamo wengine waliosahihishwa kama mimi."

Ilipofika zamu ya wanachuo, wa mbele walitaja majina yao na skuli walizotoka. Binti mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akasita, kisha akajitambulisha kwa Kimakunduchi, kwa sauti ya chini, kama aliye barazani kwa bibi yake. Wenzake wa mjini hawakuyafahamu maneno yake yote, wala hakuna aliyecheka.

Mhadhiri alichukua chaki, akamwomba arudie. Safari hii si kwa kusahihishwa, bali apate kumwandika.