Mtoto wa Nani? Safari Fupi Kutoka Temeke

Sisi tunaokaa karibu na viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, tumezoea vipaza sauti. Wiki hii ni mkutano wa Injili, wiki nyingine ni mhadhara wa ndugu zetu Waislamu. Wenzetu wa Kinondoni wanayajua hayo kutoka viwanja vya Biafra. Watu hubishana juu ya Yesu, juu ya vitabu na juu ya mitume, mpaka sauti zinakauka.

Lakini kuna jambo moja ambalo pande hizo mbili hazigombani. Mtu akisema binadamu ametokana na nyani, muuza kahawa Mwislamu na mama wa kwaya hugeuka wakawa ndugu. Wote wawili watamtetea Adamu, tena kwa ukali. Nilikuwa sijajiuliza kwa nini, mpaka ukali huo ulipoingia nyumbani kwangu.

Binti yetu alikuwa ameanza Kidato cha Kwanza. Usiku mmoja tukila ugali na dagaa, alimwuliza baba yake: "Baba, mwalimu amesema kuna nadharia mbili za chimbuko la binadamu, ya uumbaji na ya mabadiliko. Kwenye mtihani niandike ipi?"

Baba watoto ni mzee wa kanisa. Aliweka tonge chini, akasema kwa sauti iliyosikika kwa wapangaji wote: "Katika nyumba hii hakuna mtoto wa nyani!"

Binti akafunga daftari. Tangu usiku ule hakuuliza tena kitu, si cha shule wala cha Biblia. Ukimya ule ulinitisha kuliko swali lenyewe. Jumamosi iliyofuata nikamwambia avae vizuri, tunakwenda mjini.

Mama mwenzangu, ukitaka kwenda huko usidanganyike kupanda daladala lililoandikwa Makumbusho. Hilo litakufikisha upande wa Kinondoni, karibu na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila yetu. Ni pazuri, lakini siyo tulikokwenda sisi. Sisi tulipita Chang'ombe na Keko, tukashukia Posta, tukatembea hadi Mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 1940. Kelele za mjini hubaki barabarani. Ndani kuna miti na kivuli.

Mwongoza wageni alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupeleka kwenye ukumbi unaoeleza chimbuko la binadamu, akatueleza habari za fuvu la Zinjanthropus. Mama mmoja, Mary Leakey, ndiye aliyeligundua tarehe 17 Julai 1959 katika Bonde la Oldupai, ambalo wengi huliita Olduvai. Siku ile mumewe, Louis, alikuwa amebaki kambini na homa. Umri wa fuvu hilo unakadiriwa kuwa miaka milioni 1 na laki 7 na nusu. Zinj ni jina la kale la pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.

Nilishangaa kusikia kwamba Louis Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kianglikana, aliyezaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903. Kumbe mtu aliyetikisa imani za wengi alilelewa katika nyumba ya sala.

Binti yangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. "Kaka, huyu ndiye babu yetu?"

"Hapana," kijana akajibu. "Wataalamu wanasema huyu ni tawi la pembeni ambalo lilikwisha. Hata sokwe wa Gombe na Mahale siyo babu zetu. Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna mzee mmoja wa zamani mno."

Niliona aibu kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa napinga jambo ambalo hata waliolisema hawakulisema hivyo.

Kisha akatuonyesha nakala ya nyayo za Laetoli, kusini ya Oldupai. Kundi la Mary Leakey lilizigundua mwaka 1978. Viumbe waliosimama kwa miguu miwili walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, yakakauka na kuwa jiwe, yapata miaka milioni 3 na laki 6 iliyopita. Kuna nyayo kubwa, na kando yake ndogo. Hakuna awezaye kuthibitisha kama walikuwa mzazi na mtoto. Lakini mimi niliyekuwa nimeshika mkono wa binti yangu, koo lilinikaba.

Tuliporudi kwenye daladala nilipata jibu la swali langu. Huku kwetu ukimpunja mtu chenji atanung'unika, yataisha. Ukimtukania mama yake, mtafikishana kwa mjumbe. Habari ya asili ni habari ya mzazi. Ukimwambia mtu kwamba asili yake siyo ile aliyoambiwa, hasikii somo la Historia. Anasikia kwamba hana kwao, na kwamba aliyemfundisha kusali alimdanganya. Ndiyo maana hata mtu mpole huwaka moto.

Sisi Waafrika tuna kidonda kingine juu ya hicho. Mwaka 1906, huko New York, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, pamoja na orangutani, na watu wakaja kumwangalia. Waliopaza sauti mpaka akatolewa ni wachungaji weusi wa Kibaptisti. Alijiua mwaka 1916. Kwa wachungaji wale, kumtetea Adamu na kumtetea Ota Benga lilikuwa jambo moja. Kwa hiyo baba watoto alipofoka kuhusu nyani, hakuwa mjinga. Alikuwa analinda heshima ya nyumba yake. Kosa lake ni kwamba aliilinda dhidi ya mtoto wake mwenyewe.

Wakristo wenyewe hatusemi kwa sauti moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba nadharia ya mabadiliko ni zaidi ya dhana tu, lakini akashikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Miaka 10 baadaye, jirani hapo Nairobi, viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga vikali jumba la makumbusho kuonyesha mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa mwaka 1984. Wote hao wanasoma kitabu kile kile cha Mwanzo.

Mimi sikubadili imani yangu pale makumbusho. Naamini Mungu ndiye aliyetuumba, na namna alivyofanya haihitaji ulinzi wa ngumi yangu. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza, tena kwa upole. Hakuondoa watoto wetu.

Jioni ile nilimweleza baba watoto tulikokwenda. Alinyamaza. Sikumsukuma. Nilimwambia tu kwamba mtoto akikatazwa kuuliza nyumbani atakwenda kuuliza kwingine, na huko hatutakuwapo.

Tukaanza kula. Katikati ya chakula akamgeukia binti yake, bila kumtazama sana usoni.

"Hizo nyayo," akasema, "zilikuwa za wangapi?"

"Wanasema watatu, baba. Mmoja alikuwa akikanyaga alipokanyaga mwenzake."

Alitafuna taratibu. "Kama mtoto anayemfuata baba yake njiani."

"Ndiyo, baba." Kisha, baada ya kimya kirefu: "Baba, naomba kukuuliza kitu kingine."

"Uliza," akasema.