Nilichokisoma Berlin Kuhusu Michenzani

Wazazi wanaoniletea watoto wao niwape ushauri wa vyuo hawakosi kuniuliza: mtoto akisoma siasa na uhusiano wa kimataifa, atafanya kazi gani? Ni swali la haki, kwa sababu ada ni kubwa na ajira ni finyu. Nawatajia wizara, mashirika, magazeti, benki, ualimu. Kisha nawaambia kwamba kama chuo kinatoa nafasi ya kusoma mwaka mmoja nchi nyingine, mtoto asiiache, hata kama shahada itachukua miaka minne badala ya mitatu. Mimi niliipata nafasi hiyo, na mwaka ule ndio ulionipa kazi ninayoifanya maishani.

Nilisoma Aberystwyth, mji mdogo wa pwani huko Wales. Idara yake ya siasa ya kimataifa ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Ilianzishwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa fedha alizotoa David Davies na dada zake kwa ajili ya kuwakumbuka wanafunzi waliouawa vitani. Waasisi wake waliamini kwamba uhusiano wa mataifa ukisomwa kwa makini, vita vitazuilika. Miaka kama 20 ikapita, bunduki zikaanza tena kulia Ulaya, na E. H. Carr, aliyekuwa profesa palepale, akatoa mwaka 1939 kitabu cha kuwakosoa waliojenga amani juu ya matumaini matupu. Katika mjadala huo ndimo tulimolelewa: wanaoamini sheria na mazungumzo upande mmoja, wanaotazama nguvu upande wa pili. Tulisoma mikataba ya Westphalia ya 1648, tukasoma mizani ya nguvu, tukasoma mataifa makubwa na mataifa madogo. Zanzibar, kwetu, nilikutana nayo mara moja tu, kwenye tanbihi.

Mwaka wa tatu nikaenda Berlin, katika chuo cha Freie Universität. Chuo chenyewe ni zao la siasa tulizokuwa tukizisoma, kwani kilianzishwa mwaka 1948 na wanafunzi na walimu waliokihama chuo kikuu cha zamani kilichobaki katika eneo la Wasovieti. Siku za mwanzo zilikwenda kwenye makaratasi: kujiandikisha makazi, bima ya afya, akaunti ya benki, kibali cha kuishi. Hayo yana uchovu wake, lakini yanapita.

Yaliyobaki moyoni yalitokea darasani. Mhadhara ukimalizika, Wajerumani hawapigi makofi. Hugonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, mlio wa kavukavu. Katika semina kila mwanafunzi hupewa mada aitayarishe na kuwafundisha wenzake, na ukisema jambo, swali la kwanza ni: umelitoa wapi? Hawaulizi kwa dharau, maana wao kwa wao huulizana hivyohivyo. Nikapewa mada ya Vita Baridi, nikachagua Kanuni ya Hallstein.

Kanuni hiyo, iliyopewa jina la Walter Hallstein, ilianza mwaka 1955. Ujerumani Magharibi ilijiona ndiyo Ujerumani pekee ya halali, ikatangaza kwamba nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki imefanya kitendo cha uadui. Yugoslavia ilikatiwa uhusiano mwaka 1957, Kuba mwaka 1963. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na Zanzibar ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani Mashariki. Aprili 26 tukaungana na Tanganyika, ambayo ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani Magharibi na ikipokea msaada wake. Nchi moja ikajikuta na Ujerumani mbili ndani ya nyumba.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki isiwe na ubalozi, iwe na ofisi ya konsuli mkuu Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Mwalimu akajibu kwamba kama msaada mmoja unatumika kumlazimisha, basi wachukue na mingine iliyobaki. Nilipofika hapo katika maelezo yangu, semina ilinyamaza. Wenzangu walikuwa wamefundishwa, kama mimi, kwamba taifa dogo hulazimika kuchagua mkubwa wa kumfuata. Hapa palikuwa na nchi changa na maskini iliyokataa kuchaguliwa rafiki, na ikalipa gharama ya kukataa. Miaka michache baadaye kanuni yenyewe ilikufa. Ujerumani hizo mbili zilitia saini mkataba wa kutambuana Desemba 1972, na Septemba 1973 zikaingia Umoja wa Mataifa siku moja.

Ili kuitayarisha mada ile nilijiandikisha katika hifadhi ya nyaraka ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, ambako leo mafaili ya serikali zile mbili za zamani yanatunzwa chini ya taasisi moja. Unaletewa faili mezani, karatasi nyepesi za taipu zilizogeuka rangi, pembeni zina alama za kalamu. Hata alama hizo zina utaratibu: katika wizara za Kijerumani kalamu ya kijani ni ya waziri, nyekundu ni ya katibu wa dola. Ukiona mstari wa kijani chini ya jina la Zanzibar unajua kwamba kisiwa kile kilifika mpaka kwenye meza ya mkubwa. Nilisoma kwa furaha. Baadaye furaha ikapungua, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa umeandikwa na Mjerumani. Wazee wetu walikuwamo, lakini kwa kusimuliwa: waziri fulani amesema hivi, ofisa fulani ameonekana kukubali. Walichokuwa wakiambiana wao kwa wao walipofunga mlango hakimo mle, na hakiwezi kuwamo.

Jioni moja nikampigia simu bibi yangu, anayeishi Michenzani. Majumba yale marefu ya maendeleo, ambayo watu waliyapa jina la treni, yalipangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, kama yalivyotanguliwa na yale ya Kikwajuni. Nikamuuliza anakumbuka nini. Alianza na kazi za kujitolea, wao wanawake wakibeba mchanga na mawe huku wakiimba. Kisha akanieleza walivyojifunza kuishi ghorofani: kinu kiwekwe wapi, maana ukitwanga juu, jirani wa chini hapati usingizi, kuku wapelekwe wapi, maji yakikatika nani apande nayo ngazi. Nilikuwa naandika mbiombio, simu nimeibana kwa bega. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote, wa kwetu au wa kwao, aliyewahi kumuuliza mambo haya. Akasema, “Mjukuu wangu, nani aniulize habari za kinu?”

Jibu lile ndilo lililonionyesha pengo la masomo yangu. Tulikuwa tunasoma mataifa kama kwamba yanakumbuka yenyewe, na kumbe yanakumbuka kwa sababu mtu alikaa, akaandika, akatia tarehe, akaweka kwenye jalada. Bonn iliandika. Berlin Mashariki iliandika, na mafaili yake yameishi kuliko serikali yenyewe. Jirani yangu wa Lichtenberg, mzee mmoja mstaafu, aliniambia kwamba nchi aliyozaliwa, Ujerumani Mashariki, ilitoweka Oktoba 3, 1990 naye hajahama hata mtaa. Nikamsimulia kwamba Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa Desemba 16, 1963, na kabla miezi mitano haijatimia kiti kile kikawa cha Jamhuri ya Muungano. Yeye na mimi tuna maoni yetu kuhusu mambo hayo, na mengine hatukukubaliana. Lakini tulielewana jambo ambalo vitabu vya shahada huligusa juujuu: dola ni kitu chenye umri, na raia wake huendelea kuishi, kupika na kuoana baada ya bendera kubadilika.

Na wapo waliotutangulia katika mji ule. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887 na iliyowaandaa pia maofisa waliokuja kututawala. Aliandika kuhusu harusi zetu, ngoma, malezi na mazishi. Maandishi hayo yalitoka mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, na jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, mkusanyaji. Mtoro alimuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakasafiri kuja nyumbani, na serikali ya kikoloni ikawakataza kushuka pwani kwa sababu mkewe alikuwa Mzungu. Wakarudi Ujerumani, na huko akafia mwaka 1927. Kila ninapomfikiria nahisi uchungu na shukrani kwa pamoja. Walimzuia asikanyage kwao, lakini leo anayetaka kujua Waswahili wa Mrima waliishije karne ile hana budi kumsoma yeye.

Katika kitongoji cha Wedding, Berlin, kuna mitaa yenye majina ya Tanga, Usambara na Zanzibar, iliyopewa majina hayo enzi za kujivunia makoloni. Mwaka 2024, baada ya wakazi kudai kwa miaka mingi, sehemu ya barabara iliyobeba jina la mkoloni Carl Peters ikaitwa Maji-Maji-Allee. Mwaka mmoja kabla, Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika Vita vya Maji Maji. Mambo hayo hayakuja yenyewe. Yaliletwa na watu waliokuwa na majina, tarehe na ushahidi mkononi, na wakakataa kunyamaza.

Ndiyo maana siwashauri vijana waende ng'ambo kuona dunia tu. Dunia utaiona hata kwenye simu. Kuishi kwa watu mwaka mzima, ukaulizwa kila siku umelitoa wapi, kunakurudisha kwenye mambo ya kwenu uliyoyapita mlangoni bila kuyatazama. Mimi niliporudi Aberystwyth kumalizia mwaka wa nne, tasnifu yangu ilikuwa juu ya Michenzani, na shahidi wangu wa kwanza alikuwa bibi.

Kwa hiyo, kijana uliyekubaliwa chuo na umeandikiwa mwaka wa nje, nakuomba mambo mawili kabla hujakata tiketi. Nenda Kilimani, kwenye nyaraka zetu za Zanzibar, au kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam kama uko bara, ukaombe faili moja linalohusu nchi unayokwenda, ulisome mpaka mwisho. Kisha kaa na mzee mmoja wa kwenu, umuulize alikuwa wapi miaka ile, alikula nini, alimwogopa nani, na umrekodi kwa ruhusa yake. Andika jina lake na tarehe, na nakala moja uiache hapa nyumbani. Wazee wa mwaka 1964 waliobaki ni wachache, na kila mwezi tunawazika.